Kukarabati nyumba nzima ya mawe Lamu: mpango wa kufuata kabla ya kung'oa jiwe la kwanza

Kila msimu wa kaskazi ukikaribia, maswali huwa yale yale. Mmoja amerithi nyumba Mkomani. Mwengine amerudi kutoka Arabuni na akiba yake. Wengine ni familia iliyokubaliana kuitengeneza nyumba ya bibi, chini wakae wenyewe, juu wapangishe. Wote huuliza: nianze wapi? Nibadilishe choo kwanza au nipige plasta? Simiti au chokaa? Fundi ameniambia miezi mitatu, nimwamini?

Nayajibu hapa kwa mpango mmoja wa nyumba nzima. Unahusu nyumba za mawe za Lamu: ukuta wa matumbawe, chokaa, na dari za boriti za mkoko. Kama nyumba yako ni ya bloki kule Wiyoni, sehemu za warithi, kalenda na malipo zitakufaa. Za chokaa na boriti zipite.

Shika jambo moja kabla hujaendelea. Zipo nyumba Lamu za karne ya 18 ambazo hadi leo watu wanalala ndani yake. Zilizoanguka, nyingi zilianguka kwa maji: mlizamu (mfereji wa kutoa maji ya mvua juu ya nyumba) ulioziba, choo cha juu kinachovuja, ukuta uliofungwa kwa simiti ukashindwa kupumua. Kwa hiyo mpango wako wote uifuate njia ya maji, kutoka juu kwenda chini. Urembo ni wa mwisho kabisa, hata kama wageni wako wataanza kuja mwezi ujao.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Karatasi za nyumba, na ridhaa ya warithi wote kwa maandishi.
- Tepu ya kupimia, tochi kali, daftari, msumari mrefu wa kudungia boriti, na simu ya kupigia picha.
- Fundi mwashi aliyewahi kufanya kazi ya chokaa. Kujenga kwa bloki na simiti ni ufundi mwengine.
- Mahali pa kukaa wewe na watu wako wakati kazi inaendelea, na mahali pakavu pa kuweka vifaa. Njia zetu ni nyembamba. Ukimwaga kokoto mlangoni umefunga mtaa.
- Pesa ya kazi, na juu yake sehemu moja ya tano ya pesa hiyo, isiyoguswa. Ukuta wa zamani ukifunguliwa huonyesha mambo ambayo hakuna mtu angeweza kuyaona kwa nje.
- Subira ya msimu mmoja. Nitaeleza kwa nini.

Hatua ya 1: Malizana na warithi na majirani

Nyumba nyingi za mji wa kale ni za mirathi ambayo haijagawanywa, na baadhi ni wakfu. Kama jina kwenye karatasi ni la babu aliyefariki, usianze kwa kumtafuta fundi. Anza kwa warithi: walio Lamu, walio Mombasa, walio ng'ambo. Mkikubaliana, andikeni. Mkishindwana, mahakama ya Kadhi ipo hapa hapa Lamu. Nyumba ikiwa ya wakfu, msimamizi wa wakfu ndiye wa kuzungumza naye, na lazima mjue mapema nini kinaruhusiwa.

Andikeni pia jambo ambalo watu huliona aibu kulitaja: anayetoa pesa ya ukarabati anapata nini? Je, ni sadaka kwa familia, ni mkopo utakaolipwa kutokana na kodi, au fungu lake linaongezeka? Shangazi aliyenyamaza wakati chokaa inapakwa ndiye huyo huyo atakayezungumza siku mpangaji wa kwanza akilipa.

Kisha jirani. Nyumba zetu zimeshikana. Ukuta wa msana wako (chumba kirefu cha nyumba zetu) huenda ndio unaobeba boriti za jirani, na kama una wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya njia, upande wa pili umelala kwenye ukuta wa mtu. Nenda ukamwone kabla ya kazi, na kama nyumba ni ya akina mama peke yao, mtume dada au mama yako. "Jirani, tunataka kutengeneza nyumba, naomba nije na fundi tuone boriti zenu zimeingia wapi." Mpige picha pamoja nyufa zilizopo upande wake, ili baadaye kusiwe na ubishi kuhusu ufa upi ni wa zamani.

Hatua ya 2: Isome nyumba mvua ikinyesha

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Masika huanza Aprili na kwa kawaida mvua nyingi zaidi hunyesha Mei. Kaa ndani ya nyumba wakati huo, au mpe mtu unayemwamini ufunguo na daftari.

Zunguka kuanzia sakafu ya juu, yaani paa bapa la nyumba. Maji yanasimama wapi? Mlizamu unayatoa nje mbali na ukuta, au unayamwaga ukutani? Shuka. Tazama dari za vyumba chini ya choo cha juu na chini ya birika la maji lililojengwa chooni. Doa jeusi kwenye boriti, au ukungu mahali boriti inapoingia ukutani, liwekee alama kwa chaki na upige picha.

Sasa chukua msumari. Dunga kila boriti pale karibu na ukuta, pande zote mbili. Boriti ya mkoko huwa ngumu sana katikati hata baada ya miaka mingi, lakini kichwa chake, kile kilichofichwa ndani ya ukuta, ndicho huoza kwanza kwa sababu ukuta ukilowa ndiko unyevu unakokaa. Msumari ukizama kwa mkono tu, boriti hiyo imekwisha, hata kama katikati inang'aa. Andika: chumba gani, ya ngapi kutoka mlangoni.

Gonga plasta kwa kifundo cha kidole. Inayolia utupu imeachana na jiwe. Angalia chini ya ukuta, kimo cha goti au zaidi: kama kuna unga mweupe unaomenyuka, hiyo ni chumvi, na utahitaji kujua inatoka ardhini, chooni au kwa jirani.

Ukimaliza utakuwa na orodha ya kweli ya kazi. Iweke mbele ya kila fundi anayekuja kutoa bei. Fundi asiye na orodha atakupa bei ya kile anachokiona, na sehemu kubwa ya nyumba hizi haionekani.

Hatua ya 3: Chora nyumba ilivyo, halafu uchore unavyotaka

Pima kila chumba na unene wa kila ukuta. Utagundua vyumba ni virefu na vyembamba. Sababu yake ni boriti: upana wa chumba ni urefu wa boriti ukitoa vichwa vinavyolala ukutani, ndiyo maana vyumba vingi havifiki mita 3 kwa upana. Ukitaka kutoa ukuta kati ya misana miwili upate ukumbi mpana, unataka kitu ambacho dari yako haiwezi kukibeba. Usitoe ukuta unene wa nusu mita kwa sababu umeona picha ya sebule ya Nairobi.

Kabla ya kuchora mpango mpya, nenda Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili hapa mjini ukaangalie mpango wa asili: daka (kibaraza cha mlangoni) na baraza nje, tekani (kipito cha kuingilia), kiwanda cha ndani, yaani ua unaoleta mwanga na hewa, misana, kisha chumba cha ndani, na zidaka (vishubaka) ukutani. Mpango ule ulifikiriwa vizuri kwa joto letu na kwa stara yetu. Mtu anayegonga mlango haoni ndani hata mlango ukiwa wazi. Kiwanda kikiezekwa kwa mabati ili kupata chumba zaidi, vyumba vyote vinavyokizunguka vinakuwa giza na joto, na utaishia kulipa stima ya feni mchana.

Mabadiliko ambayo nyumba hizi huyapokea vizuri ni haya: kugeuza ghala la chini kuwa jiko, kuweka choo cha pili juu ya choo kilichopo, kufungua mlango uliozibwa zamani, kufanya sakafu ya juu iwe mahali pa kupumzikia. Vyoo na jiko vipange vikae juu ya vyenzake, upande mmoja wa nyumba. Bomba fupi lina viungo vichache, na kila kiungo ni mahali pa kuvuja.

Hatua ya 4: Vibali

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na majengo ya kale yanalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006. Kwa hiyo peleka mchoro wako sehemu mbili: ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya hapa Lamu, na ofisi ya mipango ya Kaunti ya Lamu. Uliza huko huko kama ukubwa wa kazi yako unataka kontrakta aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Nenda kwa watu wa Makumbusho mapema, mchoro ukiwa bado wa penseli. Wanazijua nyumba, wanawajua mafundi, na mara nyingi watakuonyesha njia rahisi zaidi ya kupata unachotaka. Kubadilisha uso wa nyumba, kuongeza ghorofa, kuziba daka au kung'oa mlango wa nakshi ni mambo ya kuuliza kwanza. Na mlango wa kale usiuuze hata kama mnunuzi amekuja na pesa mkononi.

Hatua ya 5: Fundi na maandishi

Mwambie fundi akupeleke kwenye nyumba aliyoifanya miaka mitatu au minne iliyopita, siyo aliyoimaliza juzi. Plasta ya juzi yote ni nzuri. Iliyopita masika matatu ndiyo inasema ukweli. Ongea na mwenye nyumba bila fundi kuwepo.

Andikeni mkataba hata wa ukurasa mmoja. Uwe na kazi yenyewe chumba kwa chumba, nani ananunua vifaa, idadi ya watu wa mkono, saa za kazi, nani anaondoa kifusi, na malipo kwa hatua iliyokamilika: dari ya chumba hiki imekwisha, hupewa fungu hili. Bakiza sehemu ya mwisho mpaka mvua moja nzuri ipite juu ya sakafu mpya.

Ushauri wangu, ukiweza: vifaa nunua mwenyewe, ufundi umlipe fundi. Ni kazi zaidi kwako, lakini utajua chokaa iliyoingia ni ipi na mchanga umetoka wapi.

Hatua ya 6: Kalenda

Kazi ya sakafu ya juu na dari ni ya kaskazi, Disemba mpaka Machi, hewa ikiwa kavu. Kuanzia Aprili kusi huingia na masika yake, na bahari huchafuka. Hapo usiwe na chumba kisicho na paa.

Miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya kaskazi hiyo hiyo. Usimdai fundi aliyefunga abebe mawe saa nane mchana juani. Panga kazi nzito kabla ya mwezi, na ndani ya mwezi weka kazi za kivulini, za asubuhi: kuchambua zidaka, kutengeneza milango, kupima. Na wakati wa Maulidi, katika Mfungo Sita, mji hujaa wageni. Punda, mashua na vibarua vyote huwa na shughuli nyingine.

Kwa nyumba ya ghorofa moja juu, yenye dari kadhaa mbovu, mpango wa salama ni huu: masika unasoma nyumba, miezi ya kati unachora na kutafuta vibali, vuli unakusanya vifaa na kuivisha chokaa, kaskazi unajenga. Fundi anayekwambia miezi mitatu huenda anasema kweli kuhusu kujenga. Hakuhesabu yanayotangulia.

Hatua ya 7: Vifaa

*Chokaa.* Hii ndiyo ya kuagizwa kwanza. Chokaa ya kuchomwa ikishazimwa kwa maji inataka kukaa shimoni au kwenye mapipa, ikiwa imefunikwa na maji juu yake, si chini ya wiki tatu au nne kwa plasta. Zaidi ni bora. Chembe ambazo hazijazimika zikienda ukutani zitalipuka baadaye na kuacha vishimo. Chokaa ya mifuko ya dukani hufaa pia. Kagua mifuko isiwe imekaa muda mrefu au kupata unyevu. Chokaa huchoma. Vaa glavu, linda macho, na ikiingia jichoni osha kwa maji safi mengi papo hapo, kisha nenda hospitali. Watoto wasikaribie shimo.

*Boriti.* Ukienda kununua utasikia majina kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kwa dari unataka boriti, zilizonyooka, zilizotolewa magome, zilizokaushwa kivulini. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni ya Huduma ya Misitu ya Kenya na uhifadhi risiti, kwani mikoko inalindwa. Nunua mapema zikauke nyumbani kwako. Mbichi hujipinda zikiwa tayari zimebeba dari. Za zamani zilizooza vichwa tu usizitupe. Zikikatwa zinafaa kwa daka na vizingiti.

*Mchanga.* Usitumie wa pwani, una chumvi. Wala usichote kwenye matuta ya Shela: matuta yale ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya mji huu.

*Mawe.* Kwanza tumia yaliyotoka kwenye nyumba yako. Yaliyopungua hupatikana upande wa Maweni, Manda.

Vitu vya dukani vikija kwa lori huishia Mokowe, vinavuka kwa mashua, kisha punda. Kila mahali vinapopakuliwa kuna malipo, kwa hiyo bei ya mfuko Mombasa siyo bei ya mfuko mlangoni kwako. Omba bei ya "mpaka mlangoni". Punda wasipakiwe kupita uwezo. Mizigo miwili ya haki ni bora kuliko mmoja unaomchubua mnyama mgongo.

Hatua ya 8: Dari na sakafu ya juu

Hapa ndipo roho ya kazi ilipo, nenda polepole.

Fungua chumba kimoja kwa wakati mmoja. Ukifungua dari zote, kuta ndefu zinabaki bila cha kuzishika pamoja. Simamisha nguzo za kushikilia vyumba vya pembeni kabla ya kuondoa jiwe lolote.

Ondoa tabaka za juu kwanza. Nyumba nyingi zimeongezewa tabaka juu ya tabaka kila zilipovuja, mpaka boriti zinabeba mzigo ambao hazikukusudiwa. Usiongeze tabaka jipya juu ya hayo. Toa mpaka ufike kwenye mawe ya kupanga.

Badilisha boriti mbovu kwa orodha yako ya msumari. Kichwa kiingie ukutani shubiri moja au zaidi, na usikizibe pande zote kwa simiti. Kizungushie chokaa, unyevu upate pa kutokea. Juu yake panga mawe bapa, kisha kokoto za matumbawe na chokaa, na mshindilie kwa virungu kwa siku kadhaa mpaka sakafu iwe ngumu na isiyo na vinyweleo. Kazi hii zamani ilifanywa na watu wengi kwa pamoja, wakiimba, na mpaka leo hakuna njia ya mkato. Ukipunguza kushindilia, unaongeza kuvuja.

Mteremko upime kwa maji kabla haijakauka kabisa: mwaga ndoo moja pembe ya mbali, na maji yote yafike kwenye mlizamu bila kusimama. Mlizamu utokeze nje kiasi cha maji yake kutougusa ukuta.

Ukitaka makuti juu, nguzo zake zisimame juu ya kuta, zisiwe katikati ya boriti. Kumbuka pia moto: makuti ya jirani na yako yakigusana, cheche moja ni ya mtaa mzima.

Hatua ya 9: Choo, birika na tangi

Lita 1,000 za maji zina uzito wa kilo 1,000, na tangi bado hujalihesabu. Watu huliweka katikati ya sakafu ya juu kwa sababu pana nafasi, na baada ya miaka michache dari ya chini inapinda tumbo. Tangi likae pale kuta mbili nene zinapokutana, juu ya mawe yanayogawa uzito kwenye kuta hizo.

Choo cha juu ndicho mahali pa kutumia pesa bila huruma. Boriti zake ziwe mpya kabisa au za uhakika, sakafu ifungwe vizuri isipitishe maji, na mabomba yapite mahali unapoweza kuyafikia bila kubomoa. Kabla ya kuweka vigae, ziba tundu, jaza maji kimo cha vidole viwili, na uyaache usiku kucha. Asubuhi nenda chini ukatazame dari kwa tochi. Kukiwa kukavu, endelea.

Shimo jipya la maji machafu usilichimbe mpaka ujue visima vya karibu viko wapi, vyako na vya majirani.

Hatua ya 10: Stima na mabomba, kisha plasta

Fundi wa stima na wa mabomba wamalize kabla ya plasta. Wakataze kuchimba karibu na vichwa vya boriti na kukata zidaka. Waya zinaweza kupita kwenye pembe, juu kando ya boriti, na zisionekane. Zipige picha kuta zote kabla hazijafunikwa.

Plasta ya simiti ya zamani iondolewe taratibu, kwa patasi, bila kung'oa jiwe. Uache ukuta upumue wiki kadhaa. Lowesha, kisha piga plasta ya chokaa, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, kwa tabaka nyembamba. Kila tabaka lishike kabla ya lingine. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa, maana chokaa inayokaushwa na upepo haraka haishiki. Neru, ile chokaa laini ya kumalizia, ni mkono wa mwisho.

Milango, madirisha na sakafu za vyumba zifuate hapo. Rangi ya plastiki usipake juu ya chokaa. Tumia chokaa ya kupaka, ambayo unaweza kuirudia kila baada ya msimu kwa gharama ndogo.

Mambo yakienda kombo

*Plasta mpya imepasuka nyufa ndogo ndogo.* Ilikauka upesi au tabaka lilikuwa nene. Nyunyizia maji, ikandamize tena kwa mwiko wa mbao ikiwa bado laini. Iliyokwisha kukauka, jaza kwa chokaa laini kabla ya neru.

*Ukuta unatoa unga mweupe tena.* Usipake kitu juu yake. Tafuta maji yanatoka wapi: mlizamu, bomba, choo cha jirani, sakafu ya nje iliyoinuliwa ikazuia maji mlangoni kwako. Ukishakata chanzo, piga mswaki unga mkavu, kila mara unapotokea, na ungoje. Kuta nene hukauka kwa miezi.

*Vishimo vidogo vinatokea kwenye plasta.* Chokaa haikuiva. Kwangua chembe, ziba, na iliyobaki shimoni iache ikae zaidi kabla ya kuitumia.

*Dari mpya inavuja mvua ya kwanza.* Anza na mlizamu, halafu pale sakafu inapokutana na ukuta wa kingo. Mara nyingi ni hapo. Fungua sehemu hiyo tu, ijaze chokaa, ishindilie. Usimwage simiti juu ya sakafu nzima. Itapasuka na maji yatanaswa chini yake juu ya boriti zako.

*Jirani amekuja na ufa.* Toa picha za Hatua ya 1, mtazame pamoja. Kama ni mpya, simamisha kazi upande huo, tieni nguzo, mwite fundi siku hiyo hiyo. Gharama ya ufa huo ni yako.

*Fundi amepotea.* Ulilipa kwa hatua, basi hasara ni ndogo. Mwite mwengine atazame kazi iliyofanywa na uandike hali yake kabla hajaigusa.

*Pesa zimekwisha katikati.* Zitakazobaki ziingie kwenye vitu vitatu: sakafu ya juu isiyovuja, milizamu inayotoa maji nje, na choo kikavu. Vyumba visivyo na plasta vinaweza kungoja mwaka mzima bila madhara, mawe yakiwa wazi. Nguzo za kushikilia usizitoe chini ya dari ambayo haijakamilika. Chokaa iliyo shimoni ifunike na maji. Itakungoja mpaka kaskazi nyingine, na itakuwa imeiva zaidi.